Kuacha kanisa juu ya imani: mambo ya kupima mbele ya kuondoka

Siku ya Yenga asubui, katika nyumba nyingi za Goma, Bukavu, Uvira, Butembo ao Bunia, watu wa familia moja wanatoka pamoja mulangoni kisha wanaachana kwenye barabara. Mama anaenda misa. Kijana wa kwanza anaenda kanisa la uamsho. Mujomba anabaki nyumbani, juu yeye alisali jana yake, siku ya Posho, pamoja na Waadventista. Magaribi wote wanarudi kula kwenye sahani moja.

Lakini mbele ya kufikia amani ya namna ile, kulikuwa siku yenye mumoja wao alisema: «Mie sitasali tena kule.» Neno hilo ni fupi, lakini linagusa wazazi, ndoa, watoto, marafiki, na mara zingine kazi. Hapa tunaeleza mambo ya kujua na ya kupima kwa mutu mwenye kufikiri kuacha kanisa lake juu haamini tena yale yenye linafundisha. Hatuseme kanisa gani ni la kweli. Ile kila mutu ataiamua na zamiri yake.

Namna makanisa yalikuwa mengi

Wazee wetu wengi hawakuchagua kanisa. Mahali misioni ilijengwa, ndipo walibatizwa. Eneo moja lilikuwa la mapadri, eneo lingine la Wabaptisti ao Wapentekoste. Kanisa la Kimbangu lilitokana na kazi ya Simon Kimbangu, mwenye alianza kuhubiri Nkamba katika mwaka wa 1921. Serkali ya Wabeleji ilimufunga mpaka alikufa gerezani Elisabethville, Lubumbashi ya leo, katika mwaka wa 1951. Kanisa lake lilikubaliwa mwaka wa 1959.

Katika mwaka wa 1970 makanisa ya Kiprotestanti yaliunganishwa katika Kanisa la Kristo katika Kongo. Ni kwa sababu hiyo jumuiya zake ziko na namba: watu wanasema 3 CBCA, 5 CELPA, 8 CEPAC. Mwisho wa 1971, sheria ya Mobutu ilikubali makanisa matatu tu: Katoliki, Kiprotestanti na Kimbangu. Kisha tarehe 24/4/1990, wakati utawala wa chama kimoja ulitangazwa kwisha, mulango ulifunguka. Makanisa ya uamsho na vyumba vya maombi vikaongezeka katika kila mutaa. Leo kijana wa Kadutu ao wa Katindo anaweza kusikia mahubiri matano tofauti bila kulipa hata moto. Baba yake hakukuwa na uchaguzi huo, na mara nyingi ndiyo sababu hawaelewane.

Sheria inasema nini

Katiba ya tarehe 18/2/2006, katika artikle ya 22, inasema kila mutu iko na uhuru wa mawazo, wa zamiri na wa dini. Anaweza kuonyesha imani yake peke yake ao pamoja na wengine, kama anaheshimu sheria, utulivu wa watu wote na haki za wengine. Kwa hiyo hakuna muchungaji, padri, chifu ao muzazi mwenye anaweza kumufunga mutu mukubwa ndani ya kanisa kwa nguvu. Na hakuna mwenye anaweza kumutosha mwingine kwa nguvu katika lake.

Kuacha kanisa hakuvunje ndoa yenye ilifungwa mbele ya serkali, hakubadilishe cheti cha kuzaliwa cha mutoto, wala hakurudishe mahari. Hayo ni mambo ya sheria na ya familia, haiko ya kanisa.

Imani, ao ugomvi?

Watu wengi wanasema wanaondoka juu ya mafundisho, na kumbe ni feza ya sadaka ilipotea, ao kwaya ilimunyima mutu kiti, ao muchungaji alimuonya mbele ya wengine. Mambo hayo yanaumiza kabisa. Lakini dawa yake ni ingine. Ugomvi unaweza kwisha kwa mazungumuzo, ao kwa kuhamia parokia ingine ya kanisa lile lile. Ukihama imani juu ya hasira, hasira ikipoa utajikuta unasali mahali penye hauamini.

Ulizo moja linasaidia: kama yule mwenye alikukosea anaomba musamaha kesho, utarudi? Ukijibu ndiyo, shida haikukuwa imani. Ukijibu hapana, juu hata na watu wazuri fundisho lenyewe halikuingie tena, basi hapo ndipo kazi inaanza.

Tofauti zenyewe ziko za namna mbalimbali, na haziko na uzito mumoja. Wakatoliki wanabatiza watoto wachanga. Wabaptisti na Wapentekoste wanabatiza mwenye kuamini yeye mwenyewe, kwa kumuzamisha ndani ya maji. Waadventista wanashika siku ya Posho. Kuomba kupitia Maria na watakatifu, kunena kwa luga, hali ya wafu, pombe: kila kanisa iko na jibu lake. Tofauti ya ndani zaidi ni ile yenye kugusa Mungu mwenyewe. Wengi wenye kufuata ujumbe wa Mumarekani William Branham, mwenye alikufa mwaka wa 1965, hawakubali fundisho la Utatu namna makanisa mengine yanalifundisha, na wanabatiza kwa jina la Yesu.

Hata makanisa yenyewe yanaachana juu ya mambo ya namna hiyo. Kanisa la Kimbangu liliingia katika Baraza la Makanisa la Ulimwengu mwaka wa 1969. Katika mwaka wa 2021 Baraza lilimaliza ushirika huo, juu ya mafundisho kuhusu Roho Mutakatifu na Utatu.

Kwa hiyo andika kwenye karatasi: ni fundisho gani siamini tena? Kanisa langu linasema nini kabisa juu yake, katika katekisimo ao katika sheria zake, haiko katika maneno ya barabarani? Kuko watu wenye waliacha kanisa juu ya jambo lenye kanisa hilo halikufundisha hata siku moja.

Mambo yenye yatabadilika

Ubatizo. Kanisa Katoliki linakubali ubatizo wa Kiprotestanti wenye ulifanywa kwa maji na kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mutakatifu. Mutu hatabatizwa tena. Lakini Mukatoliki mwenye kubatizwa angali mutoto, akienda kwa Wapentekoste, kwa kawaida wataomba abatizwe upya. Kwa mama yake, maji hayo ya pili ni sawa kusema ya kwanza hayakukuwa kitu. Mara nyingi ni hapo machozi yanaanza. Inaomba kumweleza mbele, asisikie kwa majirani.

Ndoa. Kama mumoja tu anaondoka, ndoa inabaki. Kama hamuyaoana bado, mujue kwamba Mukatoliki mwenye kuoa Muprotestanti anaomba ruhusa kwa kanisa lake, na anahaidi kufanya yenye anaweza ili watoto wabatizwe na walelewe katika imani yake. Muzungumuzie watoto mbele ya mahari, haiko kisha kuzaa.

Shirika na kilio. Katika Ukatoliki, shirika la mutaa ndilo linatembelea mugonjwa, linakusanya feza ya sanduku, linaimba usiku wa matanga. Kwa Waprotestanti ni kwaya, ni wamama wa kanisa. Wakati volkano ya Nyiragongo ililipuka katika mwaka wa 2002 na tena 2021, na wakati vita inakimbiza watu, wengi walilala ndani ya makanisa. Kwa hiyo jiulize bila haya: nikiondoka leo, nani atabeba sanduku kwetu? Ulizo hilo haliko ukosefu wa imani. Linakuomba tu ujenge uhusiano mupya mbele ya kuvunja wa zamani, na uendelee kufika kwenye vilio vya wale wenye ulisali nao.

Kazi na shule. Tangu makubaliano ya tarehe 26/2/1977, serkali imekabizi makanisa usimamizi wa shule nyingi. Mutoto hana haja ya kuacha shule juu muzazi alibadilisha kanisa. Lakini mwalimu, muganga ao mulinzi wa lango mwenye kazi yake iko mikononi mwa kanisa, asome mukataba wake mbele ya kusema neno. Kwa muchungaji ao katekista ni ngumu zaidi: nyumba, mushahara na jina vyote ni vya kanisa.

Wakati haifae kungojea

Kuko mambo yenye haiko tofauti ya imani, ni hatari. Kama kiongozi anakataza wagonjwa kumeza dawa za SIDA, za kifua kikuu ao za sukari, toka, na urudi kwa muganga siku ile ile. Kama anaomba wauzishe parsele ili baraka ishuke, kama anataka kulala na wasichana ao wamama kwa jina la maombi, toka na useme. Na kama mutoto anaitwa muchawi, anafungwa, anapigwa ao ananyimwa chakula «ili pepo litoke», jua kwamba sheria ya tarehe 10/1/2009 ya kulinda mutoto inaazibu na kifungo mutu mwenye kumushitaki mutoto uchawi. Hapo hakuna mazungumuzo ya mafundisho. Ni kumuokoa mutoto kwanza.

Kuondoka bila kupasua

Kama hakuna hatari, jipe wakati. Zungumuza na kiongozi mumoja mwenye unaheshimu, umuletee maulizo yako, umusikilize kabisa. Pengine ataleta jibu lenye hukukuwa nalo. Tembelea kanisa lenye unafikiria, haiko siku ya mukutano mukubwa tu wakati vyombo vinapiga; nenda siku ya mafundisho, uulize feza inatumiwa namna gani na nani anamwonya muchungaji akikosa. Kanisa lenye halipende maulizo yako leo, halitayapenda kisha ubatizo.

Ukikwisha kuamua, ambia wa nyumbani kwanza: bwana ao bibi, wazazi, kisha watoto. Usiseme «ninyi muko katika giza». Sema: «Baba, mulinifundisha kumuheshimu Mungu, na ninaendelea. Lakini jambo hili siwezi tena kulisema na kinywa wakati moyo unakataa.» Kama ulikuwa na kazi, rudisha funguo, kitabu cha feza na vyombo, mbele ya mashahidi, na uandike. Omba cheti chako cha ubatizo ungali na amani nao. Usiondoke na kundi. Mwenye kutoka na watu makumi mbili nyuma yake anaonekana anapasua kanisa, hata kama hakutaka.

Na kubaki?

Kubaki nako ni uamuzi. Kuko wenye walikuwa na mashaka juu ya fundisho moja, wakaona yale mengine kumi wangali wanayaamini, wakabaki na ulizo lao bila kudanganya mutu. Mwingine anabaki lakini anaacha kazi ya kufundisha, juu hapendi kuwafundisha watoto jambo lenye yeye mwenyewe haamini. Hiyo ni haki pia. Jambo lenye linachosha roho ni kusema ndiyo kwa kinywa kila Yenga, mwaka kwa mwaka, kwa kuogopa watu tu.

Kwa wazazi na ndugu wenye kubaki: mutoto mwenye alibadilisha kanisa angali mutoto wenu. Mukimufukuza, hamutamurudisha, mutamukabizi kwa wale wenye mulikuwa munaogopa. Mumuachie sahani yake kwenye meza, siku ya Yenga magaribi, na mazungumuzo yataendelea.