Kupamba uso wa kompyuta: picha, aikoni na wijeti

Eneokazi ni sehemu ya kwanza anayoikuta mtumiaji baada ya kuwasha kompyuta. Juu yake huwekwa mapambo ya aina tatu: picha ya mandharinyuma, aikoni, yaani vijipicha vinavyowakilisha faili na programu, na wijeti, visanduku vidogo vinavyoonyesha saa, kalenda au hali ya hewa. Kwa macho, yote ni mapambo. Kwa kompyuta, hata hivyo, picha ni picha tu, ilhali wijeti ni programu inayotenda kazi.

Asili yake

Kompyuta ya Star, iliyotolewa na kampuni ya Xerox ya Marekani mwaka 1981, ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kuuzwa zikiwa na uso unaofanana na meza ya ofisi, wenye aikoni za nyaraka na folda. Mwaka 1984 ikafuata Macintosh ya kampuni ya Apple, ambayo aikoni zake nyingi zilichorwa na msanii Susan Kare, katika miraba midogo 32 kwa 32.

Miongoni mwa picha za mandharinyuma zilizojulikana mno ni ile ya kilima cha kijani chini ya anga la buluu, iliyokuja na Windows XP mwaka 2001. Mpiga picha Charles O'Rear aliipiga mwaka 1996 katika eneo la Sonoma, jimboni California.

Namna ya kubadilisha

Katika Windows, mtumiaji hubofya kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu kwenye eneokazi, kisha huchagua mipangilio ya mwonekano. Inafaa picha ilingane na kioo: kwenye kioo cha nukta 1920 kwa 1080, picha ndogo kuliko hapo hutanuliwa na kupoteza ung'avu. Mandharinyuma yenye picha zinazosogea hutumia betri zaidi.

Aikoni yenye mshale mdogo pembeni ni njia ya mkato. Kuifuta hakuondoi programu yenyewe. Isiyo na mshale huenda ikawa ndiyo faili halisi, na anayeifuta hufuta kazi yake.

Hadhari

Wijeti ziliingia katika Windows Vista mwaka 2007. Mwezi Julai 2012, kampuni ya Microsoft iliwashauri watumiaji kuzizima, kwa kuwa dosari za kiusalama zingeweza kumwezesha mhalifu kuendesha amri zake ndani ya kompyuta ya mtu mwingine. Windows 8 ilitoka bila wijeti hizo. Mwaka 2021, Windows 11 ilikuja na wijeti za muundo tofauti.

Hatari kama hiyo hujificha pia katika mapambo yanayopakuliwa bure kwenye intaneti. Faili ya picha kwa kawaida huishia na herufi jpg au png. Inayoishia na exe au scr ni programu, hata ikiitwa picha. Kwa kuwa Windows kwa kawaida huzificha herufi hizo za mwisho, ni vyema mtumiaji kwanza aziwezeshe kuonekana, ndipo afungue alichopakua.

Asiye na hakika na chanzo cha pambo anaweza kutumia picha aliyoipiga mwenyewe: haina gharama, wala haimfungulii mgeni mlango.