Tepu kwenye mpini wa bastola

Nimepotea kidogo, si mnajua tena wiki ya majaribio inavyokuwa. Sasa nimerudi, na leo nina jambo ambalo limefanya mimi na rumu-meti wangu tusielewane tangu Jumamosi.

Iko hivi. Jumamosi usiku tulibanana wanne kwenye kitanda kimoja kuangalia The Godfather, ile filamu ya Francis Ford Coppola ya mwaka 1972. Wengi mnaijua. Kuna sehemu mzee Clemenza anamwandaa kijana Michael kwenda kuua watu wawili mgahawani. Anampa bastola ndogo ambayo kifyatulio na mpini wake vimezungushiwa tepu. Kwenye filamu maana yake ni moja tu, alama za vidole zisibaki. Rumu-meti akasimamisha filamu, akatoa hukumu kama yuko Mahakama Kuu: ukiona bastola ina tepu, jua mwenye nayo ni jambazi. Mimi nikabisha. Nikamwambia kwa watu walio wengi tepu ile haifichi kitu chochote, ni habari ya mshiko tu. (Naongelea mshiko wa mkono jamani, siyo ule mshiko tunaoungojea kutoka bodi ya mikopo!)

Sasa kwenye semina ya historia tulikuwa tumepewa kazi: chagua kitu kimoja kidogo, andika historia yake. Wenzangu wamechukua heller ya Mjerumani, stempu, kibatari. Mimi nikasimama nikasema nachukua tepu ya kwenye mpini wa bastola. Semina nzima ilicheka. Bastola yenyewe sijawahi hata kuigusa na sina mpango wa kuigusa. Ila nimeshabisha, na mtu akibisha inabidi alete ushahidi.

Tuanze na hiyo ya filamu, maana ndiyo imewaharibu watu vichwa. Tepu ni rafiki mbaya sana kwa mhalifu. Upande wake wenye gundi unakamata kila kitu: unywele, uzi wa nguo, vipande vya ngozi, na alama za vidole vya yule yule aliyeikata na kuibandika. Wapelelezi wana dawa kadhaa za kuzifanya alama hizo zionekane kwenye gundi. Mojawapo ni gentian violet. Mnaijua vizuri tu, ni ile GV ya zambarau tuliyopakwa mdomoni utotoni tukilia! Kwa hiyo mzee Clemenza alikuwa anampa kijana wa watu kitunza ushahidi. Hapo rumu-meti alinyamaza kidogo. Kidogo tu.

Basi kwa nini watu wanafunga tepu? Risasi inapotoka mbele, bastola inarudi nyuma. Na kwa kuwa mtutu uko juu ya mkono, ile nguvu hairudi nyuma moja kwa moja, inauinua mdomo wa bastola kwenda juu. Bunduki ndefu ina kitako cha kuegemea begani, bastola haina kitu isipokuwa kiganja. Kiganja kina jasho. Mara nyingine kina mafuta, au mvua, au tope. Mpini ukiteleza kidogo tu, risasi ya pili haiendi ulikoielekezea, na risasi ambayo haikwenda ilikoelekezwa lazima iende mahali fulani. Ndiyo maana habari ya mpini siyo urembo hata kidogo.

Mafundi wa zamani walilijua hilo. Mipini ya mbao walikuwa wanaichonga vimistari vinavyokatizana ili ngozi ipate pa kung'ang'ania. Ila mfano ninaoupenda ni bastola ya Colt M1911, aliyoibuni John Browning na jeshi la Marekani likaichukua mwaka 1911. Ikaenda kwenye Vita Kuu ya Kwanza, ikasifiwa, lakini mikono ya askari ikarudi na malalamiko. Miaka ya 1920 ikarudishwa mezani, na kufikia 1926 ikawa na jina jipya, M1911A1. Angalieni nini kilibadilishwa: kifyatulio kikafupishwa, chuma nyuma yake kikachongwa pande mbili ili kidole kifike, mgongo wa mpini ukatuniswa ujaze kiganja, na ule mkia wa juu ukarefushwa ili nyundo isibane nyama iliyo kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Wakaongeza na upana wa kilengeo cha mbele. Ukiondoa hicho kilengeo, karibu yote hayo ni habari ya mkono! Risasi ilibaki ile ile, mtambo ule ule.

Jeshi lina kiwanda cha kuliambia lirekebishe. Askari mmoja au polisi mmoja hana. Huyo ana tepu.

Na tepu yenyewe ina historia tamu. Mwaka 1925 kijana mmoja wa kampuni ya 3M kule Minnesota, Richard Drew, alitengeneza tepu ya karatasi kwa ajili ya wapaka rangi wa magari. Enzi hizo ilikuwa fasheni gari kuwa na rangi mbili, na mafundi wakibandua karatasi zao walikuwa wanabandua na rangi. Mwaka 1930 huyo huyo akaleta ile ya kung'aa tunayoiita selotepu. Lakini shikeni hili: Drew hakwenda kwenye zile gereji kuuza tepu, maana hazikuwepo. Alikwenda kupeleka sampuli za msasa, kwa sababu 3M ilikuwa kampuni ya msasa. Msasa na tepu, kumbukeni hivyo viwili, vitakutana tena huko mbele.

Halafu kuna mama mmoja anaitwa Vesta Stoudt, na hapa naomba nikae kidogo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa akifanya kazi kiwandani Illinois, Green River Ordnance Plant, akipakia risasi maalum za kurushia maguruneti. Maboksi yalikuwa yanafungwa kwa tepu nyembamba ya karatasi, yanachovywa kwenye nta yasiingie maji, kisha yanaachiwa kijiulimi cha kuvuta. Tatizo ni kwamba kijiulimi kilikuwa kinakatika. Hebu fikirieni askari yuko chini ya risasi, anakwangua boksi kwa kucha. Mama huyu alikuwa na watoto wawili wa kiume kwenye jeshi la majini. Akatengeneza wazo la tepu ya kitambaa, imara, isiyopitisha maji, akaijaribu, akawaambia wakubwa pale kiwandani. Hawakumkatalia, lakini hakuna lililofanyika. Tarehe 10 Februari 1943 akachukua kalamu akamwandikia Rais Roosevelt, na michoro juu. Barua ikapelekwa kwenye bodi ya uzalishaji wa vita, wazo likakubaliwa, na Johnson & Johnson wakapewa kazi ya kutengeneza.

Tepu hiyo ya kitambaa, ikiwa na rangi ya kijani ya jeshi, haikubaki kwenye maboksi. Askari walifungia mahema, viatu, magari, na chochote kile chenye mpini kinachoteleza. Kwa hiyo rumu-meti wangu akitafuta asili ya tepu kwenye silaha, ni vizuri amtazame na mama mwenye watoto vitani, asiishie kwa Clemenza.

Tuje miaka ya karibuni. Mwaka 1982 Gaston Glock, Mwaustria aliyekuwa anashughulika na vitu vya plastiki na chuma, wala siyo fundi bunduki, akaleta Glock 17 yenye fremu ya plastiki. Nyepesi, haishiki kutu, na magazini yake inabeba risasi 17. Ila plastiki na jasho mnajua wenyewe, chukueni jagi la maji lenye sabuni mjaribu kulishika. Walenga shabaha wa mashindano wakaanza kutafuta dawa, na dawa wakaipata kwa watoto wa mitaani, yaani wale wanaocheza skeitibodi, ule ubao wa magurudumu. Juu ya ubao ule kunabandikwa karatasi nyeusi yenye chengachenga ili kiatu kisiteleze. Ni nini ile? Ni msasa wenye gundi nyuma! Drew aliingia gereji na msasa akatoka na wazo la tepu, na miaka mingi baadaye vyote viwili vikabandikwa pamoja kwenye mpini wa bastola.

Kwenye mashindano siyo siri wala aibu. Kanuni za IPSC, shirika la kulenga shabaha lililoanzishwa mwaka 1976, zina daraja la bastola za kawaida ambazo haziruhusiwi marekebisho mengi, lakini tepu ya mpini inaruhusiwa, na kuna mchoro kabisa wa kuonesha ibandikwe wapi na iishie wapi. Mnaona, jambazi gani ana mchoro wa kanuni?

Siyo kwamba tepu ni muujiza. Ya msasa inakwangua ngozi na kula kitambaa cha shati. Ya kawaida ikipata joto gundi yake inatambaa, inabaki ule ute mweusi kama selotepu ya kwenye madesa ya mwaka juzi. Ndiyo maana wengine Marekani wanakata kipande cha tyubu ya baiskeli na kukivika kwenye mpini. Niliposoma hilo nilicheka peke yangu maktaba mpaka nikatazamwa. Fyekeo langu la sekondari lilikuwa na tyubu! Tulikuwa tunafyeka nyasi kila Jumamosi, viganja vinatoka malengelenge, mpaka binamu yangu akanifungia tyubu ya baiskeli iliyochakaa ya babu. Hakuna aliyenifikiria jambazi.

Lakini kuna kitu tepu haiwezi. Inaongeza mshiko, haipunguzi unene. M1911 ilibeba risasi 7 kwa mstari mmoja, mpini ukawa mwembamba. Mwaka 1985 jeshi la Marekani likachukua Beretta M9, risasi 15 zilizopangwa mistari miwili, na mpini ukanenepa. Mwenye vidole vifupi akawa hafikii kifyatulio vizuri, na wanawake jeshini walilisema sana hilo. Nao hawakuwa wageni wa silaha: hata FBI ilianza kupokea mawakala wanawake mwaka 1972, mwaka ule ule wa filamu yetu. Mimi mwenyewe vidole vyangu ni vifupi, glovu za maabara zilikuwa zinaning'inia kama soksi, kwa hiyo hapa nina upande, nakiri.

Viwanda navyo vikahangaika. Toleo la Glock la mwaka 1998 likatengenezewa mabonde ya vidole mbele ya mpini, ili kila kidole kikae mahali pake. Safi, isipokuwa vidole vya nani? Mwenye mkono mkubwa au mdogo kuliko ule wa kiwandani alijikuta kidole chake kiko juu ya kilima badala ya bondeni. Mwaka 2010 wakaja na vipande vya nyuma vya kubadilisha, na toleo la 2017 mabonde yale wakayafuta. Mwaka huo huo wa 2017 jeshi la Marekani likachagua bastola ya SIG Sauer kuchukua nafasi ya M9, na safari hii mpini unapatikana kwa saizi tofauti, mdogo, wa kati na mkubwa. Ukihesabu tangu 1911 ni miaka 106 mpaka mtu kuulizwa mkono wako ni saizi gani.

Hayo ndiyo nitakayowasilisha Alhamisi. Nina dakika kumi, na najua tano zitaliwa na vicheko. Rumu-meti bado anashikilia msimamo wake, ila jana usiku nilimkamata anazungushia tepu ya umeme mpini wa kikaango chake. Nilipomtazama akasema kinaungua mkono.

Mwenye picha ya jembe, panga au fyekeo lenye tyubu anirushie kabla ya Jumatano, nataka niiweke mwanzoni kabisa. Na mwenye projekta nzima aniazime, ile ya idara ina wenyewe.