Sheikh Uways wa Barawa, walii aliyefundisha kwa nyimbo

Katika kurasa hizi tumezoea kuandika juu ya desturi za kwetu: ndoa, kilio, ngoma, kazi ya shamba. Mara hii tunaenda mbali kidogo, mpaka ukingo wa Bahari ya Hindi. Sababu ni moja. Kila tunapofika kwenye somo la biashara ya watumwa, wanafunzi wanatuuliza: «Mwalimu, dini ya Kiislamu ilikuja huku na watu wa bunduki tu?» Tunajibu: wenyi bunduki walikuja, ni kweli. Lakini nyuma yao kulikuja pia watu wa nyimbo, na hao hatuwaongelee vya kutosha.

Tukumbuke kwanza njia yenyewe. Katika karne ya 19, Waarabu na Waswahili kutoka Zanzibar walifika Nyangwe na Kasongo, kule Maniema, kutafuta pembe za tembo na watumwa. Watu wao, Wamanyema, walipanda mpaka pori la Ituri na bonde la Semuliki. Hata Kiswahili tunachosema sokoni Beni na Butembo kilianzia njia zile. Mutoto aliyekamatwa alipelekwa Ujiji, kisha Tabora, mpaka Bagamoyo. Sasa tujiulize: kule pwani, nani alikuwa anafundisha watu siku zile?

Mumoja wao alikuwa Sheikh Uways bin Muhammad. Alizaliwa mwaka wa 1847 Barawa, muji mudogo wa pwani ya Somalia. Jamaa yake haikuwa ya wakubwa. Watu wengi wa Barawa walikuwa wanasema Chimiini, lugha iliyo ndugu kabisa na Kiswahili. Alisoma Korani kwao, kisha karibu na mwaka wa 1870 akasafiri mpaka Bagdad, pahali palipo kaburi la Abdul Kadir Jilani, aliyekufa mwaka wa 1166. Abdul Kadir ndiye tarika ya Kadiriya inaitwa kwa jina lake. Tarika maana yake ni njia: kundi la waumini wenyi kufwata mwalimu mumoja katika sala. Uways alipewa ruhusa ya kufundisha, akahiji Maka, na mwaka wa 1883 akarudi Barawa.

Tangu hapo hakutulia. Alifika Zanzibar mara kadhaa, na Sultani Barghash alimupokea kwa heshima. Wanafunzi wake walisambaa pwani na bara. Watu walimuita walii, ni kusema mutu aliye karibu na Mungu. Katika makanisa yetu tungesema mutakatifu.

Mafundisho yake yalikuwa nini? La kwanza, kumutaja Mungu kwa sauti, watu wakiwa pamoja, mpaka pumzi na moyo viende mwendo mumoja. Hiyo inaitwa zikri. La pili, kumusifu Mutume na kuomba kwa njia ya mawalii, sawa vile Mukatoliki anaomba kwa njia ya watakatifu. La tatu, mashairi. Uways alitunga kwa Kiarabu na pia kwa Kisomali akitumia herufi za Kiarabu, ili hata mutu asiyesoma vitabu aweze kushika fundisho kwa masikio na kuliimba nyumbani. Wengine wa Barawa walifanya vile kwa Chimiini: Sheikh Qasim, mwanafunzi wake, na mama mumoja anayeitwa Dada Masiti, ambaye mashairi yake yanaimbwa mpaka leo.

Tuone vizuri jambo hili. Katika masomo makubwa ya Kiarabu, mutumwa na mwanamuke hawakuwa na nafasi kubwa. Lakini wimbo haumuulizi mutu alisoma wapi. Ndiyo maana tarika ilivuta watu wadogo wengi.

Si wote walipendezwa. Huko Somalia kulikuwa Sayyid Muhammad Abdullah Hassan, mukubwa wa upande wa tarika ya Salihiya. Yeye naye alikuwa mushairi, tena hodari, na alipigana na Waingereza kwa zaidi ya miaka 20. Tusimunyime sifa hiyo. Lakini alikataza kabisa kuomba kwa njia ya mawalii. Kwanza hao wawili walipigana kwa mashairi. Kisha maneno yakageuka silaha: mwezi wa ine 1909, wafuasi wa Sayyid walishambulia Biyoole na kumuua Sheikh Uways, alikuwa muzee wa miaka zaidi ya 60. Waislamu walimuua Muislamu mwenzao juu ya namna ya kuomba.

Na watoto wetu waliofikishwa pwani? Tutoe mufano mumoja. Yahya bin Abdallah, aliyejulikana kwa jina la Sheikh Ramiya, alizaliwa Manyema, huku Congo ya mashariki. Alikamatwa angali mutoto, akawa mutumwa katika nyumba ya tajiri Mwarabu Bagamoyo. Alisoma, akaingia Kadiriya, tarika ileile ya Uways ijapokuwa kwa mulango wa sheikh mwingine, mpaka akawa mukubwa wake Bagamoyo nzima. Waingereza walipowafukuza Wadachi mwaka wa 1916, walimuweka kuwa liwali, ni kusema mutawala wa muji. Alikufa mwaka wa 1931. Fikiria: pale alipofika kama mali ya mutu, watu walikuja kumuomba baraka.

Miaka ya 1920 Kadiriya ikaingia Maniema kupitia upande wa Tanganyika. Njia iliyopeleka watumwa sasa ilirudisha nyimbo. Wabelgiji hawakupenda. Waliogopa mikutano ya usiku wasiyoielewa, wakawachunguza masheikh.

Juu ya nini tunaandika haya leo? Ninyi wote munajua. Tangu mwezi wa kumi 2014, watu wa Beni wanachinjwa na ADF, na hao wauaji wanajificha nyuma ya jina la dini. Tumesikia hata wanafunzi wakimutazama mwenzao kwa hofu, eti juu anaitwa Ramazani. Ni vibaya. Mwezi wa tano 2021, Sheikh Ali Amini, aliyepinga wauaji waziwazi, alipigwa risasi ndani ya muskiti hapa Beni, wakati wa sala. Yule wa 1909 na huyu wa 2021 hawakuishi historia moja, hatutaki kuchanganya. Lakini wote wawili wanatuonyesha kwamba mwenyi kuua kwa jina la dini anaanza mara nyingi na watu wa dini ileile.

Tunawaomba basi vijana jambo moja. Mukiwa na jirani Muislamu muzee, muende kumuuliza wazazi wake walitoka wapi na waliimba nini. Muandike, ao murekodi kwa telefone. Wazee wanaondoka, na wimbo usioandikwa unaondoka nao. Mutu uliyekaa naye chini na kusikiliza wimbo wa mama yake, itakuwa vigumu kumuita adui kesho.