Sheria kwa Njia ya Pembeni

Kabla ya Oktoba 1961, Mwafrika wa Kenya, Uganda au Tanganyika aliyetamani uwakili hakuwa na chuo kikuu hata kimoja katika nchi hizi cha kumfundisha sheria, kwani Makerere iliwatoa waalimu, waganga na mabwana shamba, bali sheria ilikuwa sharti aifuate ng'ambo. Na serikali za kikoloni, zilizokuwa radhi kumlipia kijana nauli, karo na masurufu akasomee ualimu, zilikuwa nzito wa mkono alipoutaja uwakili, pengine kwa kuwa mwanasheria ni mtu ambaye aghalabu hurejea kwao na maswali.

Kwa sababu hiyo ikazuka njia ya pembeni, nayo ni kutangulia kusoma elimu iliyokuwa na mfadhili, kisha kuigeuza shahada ile kuwa ngazi ya kuipandia sheria. C. M. G. Argwings-Kodhek, aliyesomea ualimu Makerere, alipelekwa Cardiff kwa ufadhili wa serikali ajifunze elimu ya jamii. Walakini azma yake ilikuwa nyingine, akajiunga na Lincoln's Inn, mojawapo ya vyama vikongwe vinne vya mawakili wa Uingereza, akapokewa uwakili mwaka 1951, kisha akarudi Nairobi kuwatetea mahakamani walioshitakiwa kwa Mau Mau.

Katika vyama hivyo gharama haikuwa ya vitabu na ada peke yake. Desturi ya kale ilimtaka mwanafunzi, ghairi ya kufaulu mitihani, atimize mihula 12 kwa kuhudhuria chakula cha jioni katika ukumbi wa chama chake. Jambo hilo msomaji wa pwani, aliyezoea kumwona mwanafunzi wa fikihi amekunja miguu mbele ya shehe wake, ana haki ya kulistaajabia. Na hapo mtu wa chuo kikuu alipata tahafifu, kwani yeye alitosheka kula mara tatu kwa muhula, hali mwenziwe asiye wa chuo kikuu alidaiwa mara sita.

Lakini anayenivutia zaidi ni Herbert Chitepo wa Rhodesia ya Kusini, aliyepata shahada yake ya kwanza katika chuo cha Fort Hare, Afrika Kusini, mwaka 1949, tena si ya sheria. Alipofika London aliajiriwa kuwa msaidizi wa utafiti wa Kishona katika School of Oriental and African Studies, huku akisoma sheria, hata lugha aliyolelewa nayo ikawa ndiyo riziki yake ugenini; na mwaka 1954 akawa wakili wa kwanza Mwafrika wa nchi yake. Aliporudi Salisbury, sheria ya ardhi ilimkataza kuwa na ofisi pamoja na mawakili wazungu, ikabidi irekebishwe kwa ajili yake.

Mwaka 1962 Tanganyika huru ilimwita awe Mkurugenzi wa Mashitaka. Alipowasili Dar es Salaam alikuta chuo kikuu kichanga, kilichofunguliwa Oktoba iliyotangulia katika jengo la kuazima la chama cha TANU, kikiwa na kitivo kimoja tu, nacho ni cha sheria, na wanafunzi wasiozidi 14, ambao hawakulazimika kupitia elimu nyingine kwanza, wala hapakuwa na wa kuwauliza wamekula mara ngapi.