Likizo au Kufukuzwa?

Mapema miaka ya 1990, nikiwa mwanafunzi wa Mlimani, nilirudi likizo ndefu kwetu Chole, Kisarawe. Kabla sijatua mzigo, bibi akauliza: "Mjukuu wangu, mmefukuzwa tena?"

Nilicheka. Kumbe bibi aliijua historia ya chuo kuliko mimi.

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu 400, naye akajipunguzia mshahara kwa asilimia 20. Mwaka 1978 wakaandamana tena, safari hii wakipinga viongozi kuongezewa marupurupu; wengi wakafukuzwa. Mei 1990 chuo kizima kikafungwa. Mara zote hizo vijijini walionekana vijana na masanduku yao, nje ya msimu wa likizo.

Lakini tujiulize: kwa nini kurudi kwa mama kuwe adhabu? Iliuma kwa sababu msomi alikwishajihesabu kuwa si wa kijijini tena.

Likizo ile nilisafisha shamba la mikorosho pamoja na bibi, na jioni nikawasomea majirani barua zao na kuwaandikia majibu. Hapo ndipo nilipoanza kulipa deni la wakulima walionisomesha.

Wazazi wa mjini, vijana wenu wakifunga chuo wapelekeni kwa bibi zao, wakashike jembe. Asiyezoea kurudi kwao kwa hiari, siku akirudishwa ataona amezikwa.