Wazee wa Marekani na kodi ya nyumba: njia ya Wisconsin na njia ya California

Familia nyingi za Kivu zina ndugu waliopelekwa Marekani kama wakimbizi, na wengine sasa wamenunua nyumba kule. Kuna jambo linaloshangaza wazazi waliobaki huku: nyumba umeimaliza kulipa, ni yako, lakini kila mwaka unailipia kodi, na kodi hiyo inaweza kupanda bila wewe kuongeza hata tofali moja.

Kule kodi inafuata bei ya nyumba sokoni. Mtaa ukipendwa na wenye makuta, bei inapanda na kodi inapanda nayo. Mwenye kazi anaweza kutafuta mshahara mkubwa zaidi. Mzee wa pensheni anapokea kiasi kilichopangwa, basi. Anaweza kukaa katika nyumba ya bei kubwa na kukosa ya dawa.

Mwaka 1964 jimbo la Wisconsin lilianzisha mpango ambao majimbo mengine yaliuiga. Kodi ikiwa nzito kuliko mapato ya mzee mwenye kipato kidogo, jimbo linamrudishia sehemu yake. Wamarekani waliuita mpango huo kwa jina la kile kifaa kinachokata umeme moto ukizidi, disjonteri tunayoijua huku. Mji haupotezi kitu, maana anayelipa ni jimbo. Hata wapangaji waliingizwa, kwa sababu mwenye nyumba huweka kodi yake ndani ya pango. Hapo waliotunga sheria walifikiri vizuri.

California ilifika kwa njia ya hasira. Katika miaka ya 1960 makadirio ya kodi yalikuwa na rushwa. Mkadiriaji wa San Francisco, Russell Wolden, alihukumiwa. Sheria ya 1966 ikaamuru kila jengo likadiriwe kwa kipimo kimoja kinachofuata bei ya soko. Ilionekana haki. Lakini bei za nyumba ziliporuka katika miaka ya 1970, kodi za watu wa kawaida ziliruka pia, na wazee wakaogopa kufukuzwa na karatasi ya kodi. Mwaka 1977 jimbo liliwapa wenye miaka 62 na zaidi nafasi ya kuahirisha: jimbo linalipa, deni linabaki juu ya nyumba mpaka iuzwe au mwenyewe afe.

Haikutosha. Tarehe 6 Juni 1978 wananchi walipiga kura juu ya pendekezo namba 13, lililoongozwa na Howard Jarvis, mwenyewe mzee wa miaka 74. Karibu theluthi mbili walikubali. Kodi ikafungwa kwenye asilimia 1 ya thamani, thamani ikarudishwa ya 1975, na isipande zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka nyumba iuzwe.

Wazee walipumua. Ila mlango ulifunguliwa kwa wote: matajiri na makampuni makubwa walipata kinga ileile, na shule na miji zikapoteza zaidi ya nusu ya kodi ya majengo. Majirani wawili wenye nyumba sawa wanaweza kulipa tofauti sana, kwa sababu tu mmoja alinunua zamani. Mahakama Kuu ya Marekani ilikubali hali hiyo mwaka 1992. Mwaka 2020 wapigakura walikataa kuondoa kinga kwa majengo ya biashara makubwa. Kwa kumsaidia bibi wa pensheni peke yake, njia ya Wisconsin ilikuwa na akili zaidi.

Huku Congo, sheria ya tarehe 10 Februari 1969 hupima nyumba kwa ukubwa, aina na mahali ilipo, si kwa bei ya soko. Na Katiba ya 2006 iliweka kodi hiyo mikononi mwa majimbo, kwa hiyo wanaotaka kuwatetea wazee wanajua pa kubisha. Lakini waangalie sharti moja la Wisconsin: mzee lazima awe anaishi ndani ya nyumba hiyo. Mzee aliyekimbia vita, anayelala kambini huku nyumba yake ikibaki kijijini, angekosa.