Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Mtaji na Ardhi Chini ya Mlima Meru

Wahenga wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Maana yake ni kwamba ujio wa mgeni ni heri, lakini heri hiyo hupimwa kwa nafuu anayoipata mwenyeji. Tukitaka kuelewa jinsi nafasi za biashara na za kuweka mtaji zilivyotafutwa katika nchi changa kama yetu, methali hii ni kipimo kizuri. Na nchi ya Mlima Meru, kuanzia Olmotonyi upande wa magharibi hadi Ngarenanyuki upande wa kaskazini-mashariki, inatupa mifano ya kutosha ya kupimia.

Olmotonyi iko kwenye miteremko ya kusini-magharibi ya mlima, karibu na barabara iendayo Namanga. Juu yake kuna msitu. Mbali chini kuna mbuga kavu za wafugaji. Nafasi ya kwanza ya biashara katika sehemu hizi ilitokana na tofauti hiyo ya nchi. Waarusha, waliokuja kukaa kwenye miteremko hii katika karne ya 19, walikuwa wakulima. Jirani zao Wamaasai walikuwa na mifugo mingi lakini hawakulima. Kwa hiyo nafaka, tumbaku na asali viliteremka mbugani, na mifugo ikapanda mlimani. Wameru, waliotangulia kukaa upande wa mashariki, nao walistawisha migomba yao katika udongo wa rutuba uliotokana na majivu ya volkeno. Maji ya mlima yaliongozwa mashambani kwa mifereji iliyochimbwa kwa kazi ya pamoja na kutunzwa kwa zamu. Hapakuwa na benki wala noti, lakini mtaji ulikuwapo: ardhi, maji, nguvu za watu na ujirani mwema. Ni dhahiri basi kwamba biashara haikuletwa huku na wageni, waliikuta.

Wageni walipofika, walikuja na kipimo kingine. Wajerumani waliwashinda Waarusha na Wameru kwa silaha katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, na mwaka 1900 boma la Arusha likajengwa kwa nguvu za wananchi walioshindwa. Kandokando ya boma hilo mji ukaota, na maduka ya wafanyabiashara wa Kihindi yakafunguliwa. Kisha ardhi nzuri chini ya mlima ikagawiwa walowezi, wakiwamo Makaburu waliotoka Afrika Kusini kuanzia mwaka 1904 na 1905. Msitu wa juu nao ukawekwa chini ya hifadhi ya serikali. Wananchi wakajikuta wamebanwa katikati: juu msitu wa serikali, chini mashamba ya walowezi. Kodi ikawalazimu kutafuta fedha, na wengi waliipata fedha hiyo kwa kufanya vibarua katika mashamba yale yale yaliyokuwa malisho yao. Mgeni alikuwa amekuja; mwenyeji hakupona.

Hata hivyo wananchi hawakukaa wakilalamika tu. Kahawa ilipoonekana kuwa na bei, Wameru na Waarusha nao waliipanda kati ya migomba yao, ijapokuwa walowezi wengi hawakupenda Mwafrika alime zao hilo. Jirani zao Wachagga waliunda chama chao cha wakulima wa kahawa mwaka 1925, nacho kilifuatiwa na chama kikuu cha ushirika, KNCU, mwaka 1933. Reli ilipofika Arusha mwaka 1929, njia ya kwenda bandari ya Tanga ilifunguka. Mkulima mwenye miche michache alikuwa sasa ameungwa na soko la dunia. Haba na haba hujaza kibaba. Nao ushirika ndio uliokuwa kibaba.

Jaribio kubwa lilikuja baada ya Vita Kuu ya Pili. Tume ya Jaji Mark Wilson, ambayo taarifa yake ilitolewa mwaka 1947, ilipendekeza kupangwa upya kwa ardhi ya Arusha na Moshi. Kwa mujibu wa mpango uliofuata, eneo la Ngarenanyuki lilitakiwa liwe la Wazungu wafugaji wa ng'ombe. Hoja ya serikali ya kikoloni ilikuwa kwamba wenye mtaji na utaalamu wangeitumia nchi ile vizuri zaidi. Mwishoni mwa mwaka 1951 Wameru wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu, na nyumba zao zikachomwa moto.

Wameru walichanga fedha zao wenyewe, wakamtuma Kirilo Japhet kwenda Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton. Hawakupata kura za kutosha katika Baraza Kuu, lakini Tanganyika nzima ilisikia, na dunia nayo ikasikia. Tuzingatie jambo moja hapa: michango ile ya wakulima ilikuwa nayo ni mtaji, uliowekwa katika haki kabla ya kuwekwa katika mali.

Leo Ngarenanyuki ni nchi ya wakulima wadogo. Kwa maji ya mifereji hulima nyanya ambazo hujulikana katika masoko mengi. Pale paliposemekana kwamba pasingeweza kuendelea bila mlowezi, mkulima mwenye jembe na zamu ya maji ameona nafasi na kuitumia. Matatizo hayajaisha: bei huanguka mavuno yanapokuwa mengi, na maji hugombewa wakati wa kiangazi. Lakini matatizo hayo ni yake kuyatatua, akiwa mwenye nchi.

Baada ya Uhuru taifa letu lilijaribu njia mbalimbali. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka njia kuu za uchumi mikononi mwa umma. Shirika la kuhudumia viwanda vidogo, SIDO, liliundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, na sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha, kwani ilidhihirika kwamba mkulima asiye na chombo chake hana sauti sokoni. Viwanda vikubwa vilijengwa mjini Arusha, kikiwamo cha matairi, ambacho kilisimama mwaka 2009. Fundi wa katambuga, anayekata viatu katika tairi kuukuu, hakusimama.

Turudi Olmotonyi. Hapo kuna Chuo cha Misitu, kilichoanzishwa mwaka 1937, na msitu wa mafunzo wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Mti wa mbao husubiriwa miaka mingi. Mzinga wa nyuki hutoa asali katika msimu. Miche ya bustani huuzwa baada ya miezi. Mwanafunzi anayejua hesabu ya muda wa kila kimoja amekwisha kupata elimu ya biashara.

Walimu na wanafunzi wa historia hawana budi kuuliza maswali haya kila wanaposikia kwamba mahali fulani pana nafasi ya kuweka mtaji: Ardhi ni ya nani? Maji yanatoka wapi, na ni zamu ya nani? Soko liko wapi, na nani anapanga bei? Mgeni mwenye majibu ya haki na akaribishwe kwa mikono miwili, na mwenyeji apone.